Kabla ya Marumaru: Maji, Moshi, Majivu na Maganda

Ukarabati wa jiko ukianza, iwe Mbeya mjini, Iringa au Njombe, fedha ya kwanza hukimbilia marumaru, rangi na kabati. Mimi nashauri ianzie kwingine: kwenye vitu vinne vinavyotoka jikoni kila siku, yaani maji machafu, moshi, majivu na maganda. Bustani ya mboga ya nyumba nyingi huku kwetu iko hatua chache tu kutoka mlango wa nyuma, na sehemu kubwa ya matatizo yake imetokea mlango huohuo. Spinachi inayokauka kingo za majani, nyanya zinazooza kabla ya kuiva, kona isiyootesha kitu: ukifuatilia utakuta bomba la sinki, rundo la majivu au viazi vibovu vilivyotupwa wakati wa mvua.

Hali ya hewa yetu nayo ina masharti yake. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000, na sehemu kubwa ya Makete imepita hapo. Mvua ni za msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili au Mei, kisha kinafuata kiangazi ambacho miezi yake ya mwanzo, Juni na Julai, ni ya baridi kali. Ushauri uliotungwa kwa ajili ya pwani haufai hapa. Huku mafuta huganda ndani ya bomba, zege hukomaa polepole, ukungu hustawi, na mvuke wa sufuria hugeuka matone kwenye bati.

Maji: mabomba mawili

Maji ya sinki si ya aina moja. Yaliyoosha mchicha, mchele na maharage ni mali. Yana udongo kidogo na wanga, na yanaweza kwenda kwenye tuta moja kwa moja. Yaliyoosha sufuria yana mafuta, chumvi na sabuni. Sabuni nyingi, za unga na za mche, zina sodiamu. Sodiamu ikizidi kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi kama ule wa Iringa na Mufindi, chembe za udongo huachana na kuziba nafasi za hewa. Udongo ukikauka unakuwa gamba gumu, na maji ya mvua yanatiririka juu yake bila kuzama. Dalili ni unga mweupe juu ya tuta, na kingo za majani kukauka kuanzia majani ya chini. Wengi wakiiona dalili hiyo huongeza mbolea ya dukani, ambayo nayo ni chumvi, na mboga zinaungua zaidi. Dawa ni kuacha kumwaga maji hayo, kuchanganya samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa kila mita mbili za mraba, na kuziacha mvua za msimu mmoja zisafishe udongo.

Kwa hiyo ukinunua sinki, nunua la mabakuli mawili, na umwambie fundi mapema kwamba kila bakuli litakuwa na bomba lake. Mafundi wamezoea kuyaunganisha chini ya sinki kwa tii moja (kiungo chenye umbo la T) kwa sababu inaokoa bomba na muda. Usikubali, kwa kuwa ukishapiga lipu na marumaru, kuyatenganisha ni kubomoa. Tumia PVC ya inchi 2, mteremko usiopungua sentimita 2 kwa kila mita, na chini ya kila bakuli weka trapu inayobakiza maji ili harufu na mende visipande. Kona kali za digrii 90 ndiko uchafu unakonasa. Pale penye kona weka elbo mbili za digrii 45.

Bomba la bakuli la mboga liishie nje kwenye ndoo yenye wavu wa kuchuja, na kutoka hapo maji yaende kwenye matuta kwa mpira au mfereji. Yatumike siku hiyohiyo. Yakilala zaidi ya saa 24 huanza kunuka na kuzalisha wadudu.

Bomba la bakuli la vyombo lipite kwanza kwenye kinasa mafuta. Hiki hakihitaji gharama. Chukua ndoo ngumu yenye mfuniko, lita 20 inatosha familia ya kawaida, iweke nje ya ukuta ndani ya kisanduku cha matofali. Bomba la kuingiza maji liingie karibu na ukingo wa juu. Upande wa pili, sentimita 5 chini ya lile la kuingilia, weka bomba la kutoa lenye tii inayotazama chini, mdomo wake ukizama mpaka theluthi mbili ya kina cha ndoo. Mafuta huelea juu, makombo hutuama chini, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka. Mdomo wa juu wa tii uachwe wazi ili hewa ipite, la sivyo maji yatavutwa yote kwa mkupuo na mafuta yatafuata. Engua mafuta kila wiki, yafunge kwenye karatasi, uyachome kwenye jiko la kuni.

Kinasa hicho kiwe karibu na sinki, ndani ya mita moja. Hapa ndipo baridi yetu inapoleta tofauti. Mawese ya Kyela, ambayo jikoni Mbeya ni kitu cha kawaida, huanza kuganda hata bila baridi kali. Asubuhi ya Julai hugeuka nta ndani ya bomba kabla hayajafika popote. Mafuta ya alizeti hayagandi hivyo, lakini hujishika kwenye nta iliyokwisha kuganda. Bomba likiwa refu kabla ya kinasa, litaziba katikati, mara nyingi chini ya sakafu. Kabla ya kuosha sufuria ya mawese, ifute kwa majivu makavu au karatasi. Hilo peke yake hupunguza mafuta kwa kiasi kikubwa.

Baada ya kinasa, maji yaende kwenye shimo la kunyonya: upana mita 1, kina sentimita 60 hadi 80, likiwa limejazwa mabanzi, magunzi na matawi makavu, umbali usiopungua mita 3 kutoka ukuta wa nyumba na mita 30 kutoka kisima. Kuzunguka shimo panda mimea inayopenda maji. Rungwe na maeneo ya chini ya Mbeya panda migomba mitatu au minne na magimbi katikati yake. Njombe na Makete, ambako baridi huinyanyasa migomba, panda matete ya kulishia mifugo. Usipande parachichi hapo. Najua kila mtu sasa anataka parachichi nyuma ya nyumba, na nyanda zetu zinaifaa kweli, lakini mizizi yake haivumilii kusimama kwenye maji. Vimelea vya kuoza mizizi vitauua mti taratibu, majani yakipungua na kupauka kuanzia kileleni. Na mboga zinazoliwa mbichi, kama karoti, kachumbari na saladi, zisiguswe kabisa na maji ya bakuli la vyombo.

Hesabu ya kiangazi inaonyesha kwa nini haya yote yana maana. Tuta la mita 10 za mraba linahitaji kama lita 4 kwa kila mita kwa siku, yaani lita 40. Juni mpaka Oktoba ni siku 150 hivi, kwa hiyo lita 6,000. Simtank la lita 5,000 lililojaa mwezi Mei halitafika, hata kama hakuna anayelitumia kwa kazi nyingine. Lakini jiko la familia linaweza kutoa lita 10 hadi 15 za maji ya kuoshea mboga na nafaka kila siku, na hizo zinaziba pengo. Gata nazo usizisahau wakati wa ukarabati: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, hivyo paa la jiko la mita 20 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20, linakupa karibu lita 400.

Moshi na mvuke

Jambo la kwanza ni la uhai. Jiko la mkaa halifai kuingizwa chumbani au kwenye jiko lililofungwa madirisha ili kupasha joto usiku wa baridi. Mkaa unaowaka bila moshi hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hapati nafasi ya kuishtukia. Mtu akiumwa kichwa, akizunguzungwa na kutapika ndani ya chumba chenye jiko la mkaa, mtoe nje kwanza, mambo mengine baadaye.

Nyumba za huku hujengwa zikizibwa sana kwa sababu ya upepo, na ndiyo maana jiko likiwekewa bomba la moshi mabadiliko huonekana siku ileile. Jiko banifu la matofali ya kuchoma na udongo wa mfinyanzi linafaa kabisa: mdomo wa kuni usizidi sentimita 15 kwa 15, na sufuria izame ikibakiza nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5 kuzunguka ubavu wake ili moto upite ukiigusa. Nafasi ikiwa kubwa, joto linakwenda kwenye bomba badala ya chakula. Ikiwa ndogo, moshi unarudi mdomoni.

Bomba la moshi liwe la inchi 4 hadi 6, lipande wima kadiri inavyowezekana, na lipite juu ya kilele cha paa kwa sentimita 60 au zaidi. Likiishia chini ya kilele, upepo unaovuka paa huusukuma moshi urudi ndani, na watu hulaumu jiko. Kati ya bomba la bati na mbao yoyote ya kenchi acha sentimita 45. Kwenye tundu la paa weka bamba la bati lililokunjwa chini ya bati la juu yake, si juu, vinginevyo mvua ya Tukuyu itafuata bomba mpaka jikoni.

Kuni ndizo huziba bomba. Mabanzi ya paini kutoka viwanda vya mbao vya Mafinga ni rahisi kupatikana, na msitu wa Sao Hill ndio shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini, lakini paini ina utomvu, na ikiwa mbichi hutoa masizi yanayonata kama lami. Masizi hayo yakijaa hushika moto ndani ya bomba. Pasua kuni, zipange zikiwa na nafasi za hewa chini ya paa, zikae miezi mitatu hadi sita. Changanya paini na miwati au milingoti iliyokauka. Safisha bomba kila mwezi kwa kufunga gunia kwenye waya na kulivuta juu na chini, jiko likiwa limepoa.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kwa hiyo hata kama leo unapikia kuni, ukikarabati acha nafasi ya gesi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hujaa chini sakafuni. Dirisha la juu halisaidii; weka tundu la sentimita 15 kwa 15 usawa wa sakafu, lenye wavu, kwenye ukuta wa nje, na usilizibe matambara wakati wa baridi. Mtungi ukikaa ndani ya kabati, kabati liwe na matundu chini. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regyuleta. Povu likitoa mapovu mapya, kuna uvujaji.

Mvuke nao una kazi yake mbaya. Ukigusa bati la baridi usiku huwa maji, yanadondokea kwenye chakula na kwenye dari. Dari ya jipsamu jikoni huku ni fedha ya kupoteza: hunyonya unyevu, huvimba, hushuka, kisha hujaa madoa meusi ya ukungu. Afadhali mbao za paini zilizopigwa randa na kupakwa vanishi, au dari ya PVC, na juu ya ukuta acha uwazi wa sentimita 10 wenye wavu wa mbu ili mvuke utoke. Ukutani, usiruhusu fundi apige skimu, yaani tabaka jembamba la kulainisha ukuta, kwa unga wa jipsamu. Hung'aa miezi michache, kisha hulainika na kubanduka karibu na jiko na sinki. Skimu ya simenti nyeupe hudumu. Kabla ya skimu hakikisha lipu imekauka. Kwenye miezi ya mvua subiri angalau wiki nne. Kisha rangi ya mafuta mpaka mita 1.2 kutoka sakafuni, juu yake rangi ya maji inayooshwa.

Meza ya kazi, na kimo cha ugali

Vipimo vya majiko ya kwenye picha hutaka kila kitu kiwe sentimita 90. Kwa kukatakata, sawa: meza iwe sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko cha mpishi akiwa amesimama wima, na kwa wengi hiyo ni 85 hadi 90. Lakini ugali hausongwi kwenye kimo hicho. Sufuria kubwa ikiwekwa juu ya jiko lililo juu ya meza ya sentimita 90, mkono unainuka juu ya bega na nguvu yote inatoka kwenye kiwiko. Jiko la kusongea ugali liwe chini, sentimita 50 hadi 60, ili mdomo wa sufuria uwe usawa wa kiuno na uzito wa mwili usaidie mwiko. Tengeneza vimo viwili. Fundi atashangaa, lakini mgongo ni wako.

Meza ya zege ndiyo ninayoipendekeza kuliko mbao zilizogandamizwa, ambazo huvimba pembezoni zikipata maji. Kwa meza ya urefu wa mita 2.4, upana sentimita 60 na unene sentimita 8, uwiano wa 1:2:4, unahitaji robo tatu ya mfuko wa simenti wa kilo 50, mchanga madebe mawili na nusu, na kokoto ndogo madebe matano. Simenti inayobaki ni ya niru, yaani tabaka laini la juu. Nondo za milimita 10, kila sentimita 15, pande zote mbili, zikiinuliwa sentimita 2 kutoka kwenye ubao wa chini kwa vipande vya zege. Mafundi wengi huziacha nondo zilale kwenye ubao kabisa, au huzisukuma juu wakati wa kumwaga. Zote ni kosa, kwa sababu meza iliyobebwa na kuta huvutika upande wa chini. Kuta za kuibeba zisiachane zaidi ya mita 1.2. Tundu la sinki liwekewe fremu ya mbao kabla ya kumwaga zege, na nondo moja ya ziada kila upande wake. Kulikata baadaye kwa mashine huleta nyufa kwenye kona.

Funika zege kwa magunia yenye maji kwa siku saba au zaidi. Mbao za kuizuia huondolewa baada ya siku 14, ila kwa Juni na Julai, usiku ukiwa wa baridi, ngoja 21. Juu piga niru laini au terazo. Marumaru mezani hupendeza, lakini viungo vyake hunywa mafuta na manjano na haviwi vyeupe tena. Ukizitaka lazima, acha kiungo cha milimita 2 tu. Sakafuni chagua zisizong'aa, na sakafu iwe na mteremko wa sentimita 1 kwa mita kuelekea mlango wa nyuma.

Majivu

Majivu ya kuni yana kalsiamu na potashi na hupunguza asidi ya udongo. Udongo wa Mufindi na Njombe, hasa ulipokuwa na chai au paini, mara nyingi una asidi nyingi, hivyo majivu ni msaada wa kweli. Shida ni kwamba humwagwa palepale kila siku mpaka kona moja inageuka chokaa. Kwenye kona hiyo majani machanga huwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, kwa kuwa madini ya chuma yamefungwa.

Kipimo ni gramu 100 kwa mita moja ya mraba kwa mwaka, konzi mbili hivi, yakichanganywa na udongo wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Kwa hiyo jenga kisanduku cha matofali chenye mfuniko wa bati karibu na mlango, majivu yakae makavu mpaka msimu. Mvua ikiyapiga, potashi inaondoka. Usiyachanganye na urea au samadi mbichi. Harufu kali inayopanda ni naitrojeni ikipotea hewani. Yasiende kwenye viazi mviringo, huleta magaga kwenye ngozi. Na majivu ya mbao zenye rangi au ya taka za plastiki yasiingie bustanini kabisa.

Kwa wa Rungwe na Mbeya, wenye udongo wa volkano, tatizo jingine ni fosforasi. Udongo huo huishika mpaka mmea hauipati, miche inadumaa na chini ya majani kunakuwa na rangi ya zambarau. Kumwaga mbolea juu juu ni kuulisha udongo. Weka kwenye shimo la mche: kizibo kimoja cha soda cha DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi), gramu 5 hivi, na konzi mbili za samadi iliyooza, ukichanganya na udongo ili mizizi isiguse mbolea yenyewe. Pale palipo na asidi, mbolea ya Minjingu hufanya kazi vizuri kwa sababu asidi ndiyo inayoiyeyusha. Ila zambarau ya Julai kule Makete inaweza kuwa ya baridi tu; majani mapya ya Septemba yakitoka kijani, hakuna cha kutibu. Kama una shaka, peleka udongo upimwe. Kwa Mbeya, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole ni mahali pa kuulizia.

Maganda, na nyanya zinazokufa

Hapa ndipo jiko linapoiua bustani bila mtu kujua. Ukungu unaomaliza nyanya huku ni bakajani chelewa, na kimelea chake ni kilekile cha viazi mviringo. Hustawi kwenye ubaridi wa nyuzi 10 hadi 20 na majani yaliyolowa, yaani hali yetu ya Desemba mpaka Aprili. Kiazi kibovu kilichotupwa kwenye rundo la mboji, au ganda nene lenye jicho lililochipua, hukibeba kimelea mpaka msimu mwingine. Viazi vinavyojiotea penye taka ndivyo vya kwanza kuugua, na kutoka hapo upepo na matone vinamaliza kazi.

Kwa hiyo rundo la mboji la nyumbani lisipokee viazi vibovu wala mabaki ya nyanya zenye ugonjwa. Mboji huua vimelea ikifika nyuzi 55 na kuendelea, na rundo dogo la baridi halifiki. Likitaka kupata moto liwe angalau mita 1 kila upande, lijengwe kwa mkupuo, majani makavu mara mbili ya mabichi, samadi katikati, na ligeuzwe kila wiki mbili. Chomeka mti katikati. Ukiuchomoa usiweze kuushika kwa muda, moto upo. Juni na Julai linachukua miezi mitatu au minne. Viazi vibovu fukia sentimita 50 chini au choma. Nyanya zenye funza zifunge kwenye mfuko mweusi na uuache juani wiki tatu.

Kabla ya kununua dawa, jua unachokitazama. Bakajani chelewa huanza na mabaka ya kijani kizito yaliyoloa, yanageuka kahawia, na alfajiri chini ya jani kuna utando mweupe. Shina huwa na michirizi ya kahawia, tunda huwa na baka gumu. Shamba zima linaweza kwenda ndani ya wiki. Bakajani tangulia huwa na miduara ndani ya miduara kwenye majani ya zamani, na haina haraka hivyo. Kantangaze, mdudu aliyeripotiwa nchini 2014, huacha utando unaopitisha mwanga ndani ya jani wenye uchafu mweusi, na matundu madogo kwenye tunda karibu na kikonyo. Mnyauko bakteria huangusha mmea ukiwa kijani: kata kipande cha shina, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi, na ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ng'oa mmea na udongo wake, usipande nyanya, viazi, hoho wala bilinganya hapo kwa miaka mitatu au zaidi. Tunda lenye kitako cheusi kilichobonyea halina ugonjwa wa kuambukiza. Limekosa kalsiamu kwa sababu maji yalikuja kwa vipindi. Mwagilia kwa mpangilio na tandaza nyasi.

Dhidi ya ukungu, paa ni bora kuliko dawa. Tuta la mita 1.2 kwa 4 huchukua mistari miwili, sentimita 60 kati ya mistari na 50 kati ya miche, jumla 16, na hizo zinatosha kachumbari na mchuzi wa nyumba moja. Simika nguzo, mita 2.2 upande mmoja na 1.8 upande mwingine, tandika nailoni ya bustani ya mikroni 200 inayostahimili jua, na uache ubavu wazi kwa mita moja au zaidi. Ukiziba ubavu, umande utafanya kazi ya mvua. Mwagilia shinani asubuhi, ondoa majani yote ya chini ya sentimita 30, funga mmea kwenye mti. Nje ya paa, kwenye mvua, dawa yenye mankozebu hupigwa kabla ya ugonjwa, gramu 40 hadi 50 kwa bomba la lita 20, kila siku 7 hadi 10, na chini ya majani pia. Ugonjwa ukishaingia, yenye metalaksili pamoja na mankozebu ndiyo husaidia, lakini usiirudie mfululizo maana kimelea huizoea. Soma kwenye kifungashio siku za kusubiri kabla ya kuchuma, na uziheshimu. Hiki ni chakula cha watoto.

Sota, anayekata miche usiku usawa wa ardhi, hazuiwi na majivu mvua ikinyesha. Zungushia kila mche pete ya chupa ya plastiki yenye kimo cha sentimita 7, sentimita 2 zikiwa ardhini, na palilia wiki tatu kabla ya kupanda.

Imebaki sakitu, yaani umande unaoganda usiku na kuunguza mimea, kwa walio Makete, Njombe na miinuko ya Uporoto. Mwagilia udongo mchana, kwa sababu udongo wenye maji hutunza joto. Jioni funika kwa nyasi kavu juu ya fito, fungua saa mbili au tatu baada ya jua kuchomoza. Hewa baridi hushuka mteremko, hivyo ua wa upande wa chini wa bustani uwe na mianya, usiizuie ikatuama juu ya mboga. Kabichi, sukuma wiki, njegere na karoti hustahimili. Nyanya na hoho zisipandwe nje kabla ya Septemba, ila kitalu kinaweza kuanza Julai mwishoni ukikiweka nje ya ukuta ule uliopakana na jiko la kuni: tofali la kuchoma hunyonya joto la mapishi ya jioni na kulitoa usiku. Trei ziwe sentimita 10 kutoka ukutani, zikiinuliwa juu ya matofali mawili, na zifunikwe nailoni usiku.